Jibu: Hofu ya nusukaputi kabla ya upasuaji wa kupunguza tumbo

Habari za leo, dada. Umeandika kwamba zimebaki siku 9 ukatwe sehemu ya tumbo la chakula, usiku hulali, na unachoogopa hasa ni kutoamka baada ya nusukaputi, yaani dawa ya kukulaza usingizi wakati wa upasuaji. Hofu hiyo hiyo ilinishika mwaka jana.

Angalia kwanza kama umeonana ana kwa ana na daktari wa usingizi, kwa maana mimi niliteseka zaidi kwa kutomjua mtu atakayenilaza. Nilikwenda na maswali kwenye karatasi, nikamweleza kwamba nakoroma na kwamba mume wangu huniona nikikata pumzi usingizini, naye akapanga niangaliwe kwa karibu zaidi baada ya kuamka. Mtajie pia dawa zote unazotumia, hata za mitishamba.

Siku za kusubiri upasuaji, nilipozinduka saa nane usiku kwa hofu, nilikaa kitandani, kiganja juu ya kitovu, nikavuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6 mpaka moyo ukatulia. Zile wiki za chakula chepesi kabla ya upasuaji, ambazo hulifanya ini lisinyae ili daktari alifikie tumbo vizuri, huongeza wasiwasi kwa sababu ya njaa, kwa hiyo usijilaumu. Dawa ya usingizi usimeze bila kumuuliza daktari wako, na moyo ukizidi kukataa, omba tarehe isogezwe.