Maswali ya wauguzi: Uji usubiri

*Ndugu wamekuja na chupa ya uji kutoka Igoma, wanasema mzee hajala tangu jana alipopata kiharusi. Nimpe?*

Usimpe. Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lile lile. Kabla ya uji, chai au hata kidonge, pima umezaji. Awe macho, aketi wima, mdomo uwe safi. Mpe kijiko cha chai cha maji, tazama koo likipanda, kisha aseme "aaa". Akikohoa, au sauti ikitoka na majimaji, acha hapo hapo na mwambie daktari. Huenda akahitaji mpira wa kulishia. Asipokohoa, usishangilie mapema: wapo ambao maji huingia mapafuni kimyakimya, nimonia ikafuata. Tundika bango la "asilishwe" kitandani, kwa sababu shangazi wa jioni hakusikia ulichomwambia mjomba asubuhi.

*Glasgow 15 si amepona?*

Hapana. Glasgow ni kipimo cha fahamu tu, kwa macho, sauti na viungo, na 15 ndiyo alama ya juu kabisa. Mkono unaweza kuwa umelegea kabisa na alama zikabaki 15.

*Bibi anajibu hovyo. Niandike amechanganyikiwa?*

Ulimuuliza kwa lugha gani? Bibi wa Magu aliyezoea Kisukuma maisha yake yote, unamuuliza mwezi na tarehe kwa Kiswahili cha haraka, halafu unamkata alama! Tafuta anayejua lugha yake. Kisha mwambie afumbe macho, akukamate kidole, bila wewe kumwonyesha kwa mkono. Akitii ila maneno hayatoki, akili ipo, kilichoguswa ni usemi. Andika hivyo. "Anaendelea vizuri" haimsaidii wa zamu ya usiku: andika macho, sauti na viungo, kila kimoja na alama yake, ili zikishuka aone na amwite daktari bila kungoja raundi.

*Presha 190/100, mbona daktari hajaandika dawa?*

Kama mshipa wa ubongo umeziba na hakupewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, siku za mwanzo kwa kawaida haishushwi mpaka ipite 220/120, isipokuwa kuna sababu nyingine, kama moyo kushindwa kufanya kazi. Ubongo ulionyimwa damu unaitegemea presha hiyo. Damu ikiwa imevuja, hesabu ni nyingine. Na ile tabia ya kutoboa nifedipini, dawa ya kushusha presha, na kuidondoshea chini ya ulimi, ikomeshwe.

*Tumgeuze kila baada ya muda gani?*

Kila baada ya saa mbili. Na msimvute kwa mkono uliopooza, bega linachomoka.