Nani hupangia mchezaji wa tenisi ratiba yake?

Boss, umeuliza kama wachezaji wa tenisi hupewa ratiba kama timu za ligi ama kila mtu anajichagulia, na kama dogo wako wa miaka 14 anafaa kuanza hizi hesabu. Nitakujibu kwa venye naona, juu mimi ndiye hukaa kwa kompyuta kumpangia binamu yangu safari zake za mashindano ya chini ya ITF, lile shirikisho la tenisi la dunia, yeye kazi yake ni kupiga mpira tu.

Wa juu tuwamalize haraka. Hao wanabanwa na Grand Slam nne, zile kubwa kuliko zote, na kwa wanaume Masters 1000 nane kati ya tisa, ngazi inayofuata, ile ya Monte Carlo ndio ya hiari, so wanachobaki nacho ni kujaza mapengo na kuangalia aina ya uwanja: baada ya Miami ni udongo hadi Roland Garros, Grand Slam ya Ufaransa, halafu wiki tatu tu za nyasi kabla ya Wimbledon. Federer mwaka 2017, akiwa na miaka 35, aliruka msimu wote wa udongo akaja akabeba Wimbledon bila kupoteza hata seti, lakini alikuwa ameshashinda Australia, Indian Wells na Miami, pointi alikuwa nazo. Na pointi, zile za kukupangia renki, huishi wiki 52 pekee, ukishinda kitu Januari hii, Januari ijayo zinaanguka.

Huku chini hakuna anayekulazimisha chochote, swali ni jina langu litaingia wapi wiki gani na pesa itatosha? M15, ngazi ya chini kabisa ya kulipwa ya wanaume, zawadi ni dola 15,000 kwa mashindano yote, bingwa anaondoka na elfu mbili na kidogo kabla ya kodi, sasa toa ndege, hoteli, chakula na kushona nyuzi za raketi uone kama kuna kitu inabaki. Ndio maana unaona watu wamejazana Monastir kule Tunisia ama Sharm el-Sheikh ama Antalya, kule mashindano yanafuatana wiki baada ya wiki, ukipigwa Jumanne unabaki hapo hapo unangoja wiki ijayo, tiketi ya ndege ni moja.

Sasa shida yetu sisi. Kuandikisha jina kunafungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya mashindano, kwa saa zetu ni saa kumi na moja jioni, halafu una hadi Jumanne inayofuata kujitoa bila maneno, kwa hivyo orodha inacheza cheza hapo katikati na wa akiba wanapanda. Mhispania anaamua Alhamisi hiyo hiyo akiangalia wapi kuna watu wepesi. Mwenye pasipoti ya Kenya anatakiwa awe ameomba viza ya Schengen, ile ya kuingia Ulaya, zamani, kabla hata hajajua kama ameingia, na kupata miadi yenyewe ni vita. Kwa hivyo mimi naanza na nchi, natafuta mahali pana wiki kadhaa mfululizo, naombea viza hizo wiki zote pamoja, mambo ya nani yuko kwa droo, yaani nani atacheza na nani, yanakuja mwisho kabisa. Watu hudhani ni kocha ndiye hupanga, manze kwetu ni ubalozi.

Kigali afadhali, hakuna viza na hata basi inafika, na tangu 2024 wako na Challenger, ngazi ya juu ya hizi M15, lakini hapo wageni wenye renki wanajaza, wetu wengi wanategemea kadi ya mwaliko, nafasi ambayo waandaaji wanakupa bila kuangalia renki.

Kitu kingine ni urefu wa Nairobi, tuko kama mita 1,700 na mpira unaruka vibaya, ITF wenyewe wana mipira maalum ya kuanzia mita 1,219. Binamu akishuka baharini mpira unamwonekana mzito, so wiki ya kwanza sitegemei kitu, namwandikisha tu azoee.

Angella Okutoyi, Mkenya mwenzetu, baada ya kushinda Wimbledon ya wasichana kwa wawili 2022 alienda chuo cha Auburn huko Marekani, na ukiwa chuo mashindano ya kulipwa unayapenyeza kwa likizo huku kocha na viwanja ukiwa unapewa. Mimi naona ni njia poa kuliko kuuza shamba.

Dogo wako wa 14 achana na M15 kwanza. Mfungulie IPIN, namba ya mchezaji ya ITF, aanze na J30, ngazi ya chini ya vijana, za hapa na majirani, hizo utaenda na kurudi bila kuomba mtu ruhusa.