Ofisi ina baridi lakini hewa nzito? Msinunue AC kubwa zaidi

Mkuu, umeuliza kwa nini ofisi yenu inafika nyuzijoto 22 na bado hewa ni nzito, karatasi zinalegea na ukungu unaota kwenye matundu ya dari, na kama muweke AC kubwa zaidi. Msiweke. Mtazidisha tatizo.

Nimehudumia mashine za juu ya paa muda mrefu, na chanzo mara nyingi ni hewa ya nje mnayovuta ili watu wapumue. Hewa ya nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 70 hubeba karibu gramu 19 za maji kwa kilo moja. Mnayoitaka ndani, nyuzijoto 24 na asilimia 50, hubeba kama 9 tu. Mkivuta lita 1,000 za hewa kwa sekunde, tofauti hiyo ni takriban lita 38 za maji kila saa!

Themostati haiyaoni maji hayo, inasoma joto tu. Joto likitimia kompresa, pampu inayoendesha upozaji, inazima, feni inaendelea. Hapo hewa ya nje inaingia bila kukaushwa, na maji yaliyonata kwenye koili (mabomba baridi ya AC yanayokausha hewa) kabla ya kudondoka kwenye trei yanapulizwa tena ofisini. AC kubwa hutimiza joto upesi, hivyo huzima mapema zaidi. Ndiyo maana siku mbaya si za jua kali bali za manyunyu, nje nyuzijoto 24 tu, kompresa ikiwa imezima muda mwingi.

Ningekuwa mimi, hewa ya nje ningeipa mashine yake. Iipoze mpaka nyuzijoto 12 au 13 maji yatoke, kisha iipashe kidogo kwa joto la kompresa yenyewe, ambalo lingetupwa nje bure. (Hita ya umeme inaweza pia, ila bili mtaisikia.) AC zilizopo zibaki na kazi ya kupoza vyumba.

Lakini kwanza angalieni kama feni za kutoa hewa, za vyooni na jikoni, hazizidi hewa mnayoingiza. Zikizidi, jengo linanyonya unyevu kupitia kila upenyo, na hakuna mashine itakayoumaliza. Fungueni kidogo mlango mkuu, shikeni kipande cha tishu kwenye mwanya. Kikivutwa ndani, rekebisheni hilo kabla ya kuomba bei ya kitu chochote.