Ukiiongezea Nguvu Roketi ya Hatua Mbili, Shughulikia Hatua ya Chini

Roketi yangu ya mfano ya hatua mbili, yaani yenye sehemu mbili zinazowaka moja baada ya nyingine, ilikuwa imeruka salama mara sita kwa mota za daraja la C, zenye kipenyo cha milimita 18, kabla sijaingiwa na tamaa ya kuiwekea mota ya D ya milimita 24 katika hatua ya chini. Hesabu ilinivutia, kwa kuwa kila daraja huwa na kikomo cha msukumo wa jumla (nguvu ya mota ikizidishwa kwa muda inaowaka) kilicho maradufu ya daraja lililotangulia: C hukomea nyutoni-sekunde 10, na D hukomea 20. Niling'oa bomba la ndani linaloshikilia mota, nikagundisha lingine pana zaidi, kisha nikaenda kwenye uwanda wa wazi upande wa Monduli, karibu na Arusha. Roketi ilitoka kwenye fito ya kurushia, ikayumba, ikapinduka na kujichimbia ardhini hata hatua ya pili haijawaka.

Kosa lilikuwa langu. Mota ya D ina uzito unaokaribia mara mbili ya ule wa C, na uzito wote huo hukaa mkiani. Kitovu cha uzito, yaani mahali roketi inapokaa sawa ukiining'iniza, kilikuwa kimerudi nyuma, ilhali kanuni inataka kitangulie, kuelekea puani, kitovu cha msukumo wa hewa (mahali ambapo nguvu za hewa zinazoisukuma roketi kwa ubavuni hujumlika) kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha mwili wa roketi. Kwa hiyo pima roketi ikiwa imeunganishwa, ikiwa na mota zote mbili na parachuti ndani, kisha pima hatua ya juu peke yake, maana baada ya kutengana itakuwa inaruka peke yake.

Dawa niliyoikimbilia kwanza ilikuwa kutia chubwi za kuvulia samaki ndani ya pua. Roketi ilinyooka, lakini hatua ya juu, ambayo bado ilitumia mota ndogo ya C, ililazimika kubeba chubwi hizo hadi mwisho wa safari. Ikaishiwa mwendo mapema, na parachuti ikafunguka wakati roketi imekwisha kuanza kuanguka. Ndipo nilipoelewa kwamba tatizo lililoletwa na hatua ya chini litatuliwe kwenye hatua ya chini. Nilikwenda kwa fundi seremala mmoja wa Unga Limited, mtaa wa Arusha, akanikatia mapezi makubwa zaidi ya plaiwudi nyembamba (alidhani natengeneza feni), nikayafunga kwenye hatua ya chini peke yake. Mapezi hayo hukivuta nyuma kitovu cha msukumo wa hewa wakati yanapohitajika, kisha hudondoka pamoja na mota iliyokwisha. Kumbuka tu kwamba plaiwudi nayo ina uzito, kwa hiyo vipimo vyote virudiwe baada ya gundi kukauka.

Maungio ya hatua mbili yanahitaji uangalifu zaidi ya yote. Mota ya chini lazima iwe ya baruti nyeusi na isiyo na muda wa kuchelewa (ule wa kusubiri kati ya mota kuisha na mlipuko wa mbele), yaani ile ambayo maandishi yake huishia na sifuri, kama D12-0, kwa sababu ndiyo inayopasua moto kwa mbele na kuiwasha mota ya juu. Zamani nilizifunga mota mbili kwa utepe mmoja, lakini vipenyo vikitofautiana njia hiyo haifai, na huenda ukabaki na nafasi kati yake. Hewa baridi iliyo katika nafasi hiyo husukumwa na gesi na kuzitenganisha hatua kabla moto haujafika juu. Toboa matundu madogo karibu na mota ya juu ili hewa hiyo ipate pa kutokea.

Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huku huifanya parachuti ishuke haraka kuliko ingeshuka Tanga, basi ongeza upana wake kidogo. Rusha asubuhi kabla upepo haujaamka, kwani roketi iliyoinamia upepo huwasha hatua ya pili ikiwa imelala. Wakati wa kiangazi mimi hufyeka nyasi na kuweka ndoo mbili za maji, na mtu mmoja huwa na kazi ya kufuatilia kwa macho hatua ya chini inapoanguka, maana hutua ikiwa bado na joto.