Taa, viyoyozi au sola: fedha chache zianzie wapi?

Swali: Nasimamia jengo la ofisi za umma la ghorofa tatu, Mombasa. Mwaka jana lilitumia yuniti 210,000. Lina taa 200, kila moja na mirija miwili ya wati 36 na choki (vifaa vya kudhibiti umeme wa mrija) za zamani, na viyoyozi vilivyochakaa. Bajeti inatosha kazi moja. Wakubwa wanataka viyoyozi, na wauzaji wa sola nao wanabisha hodi. Tuanze na kipi?

Jibu: Taa. Pamoja na choki zake, taa moja ya aina hiyo hula takriban wati 90. Mirija miwili ya LED ya wati 18 hula 36. Zikiwaka saa 10 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, mtaokoa yuniti 27,000. Isitoshe, wati 10,800 mlizoondoa zilikuwa joto mle mle ofisini, na kulitoa ni kazi ya viyoyozi vitatu vya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza). Mkitangulia kununua viyoyozi, mtanunua vikubwa kupita haja. Kwa unyevu wa Pwani hilo ni kosa la gharama: kiyoyozi kikubwa mno hupoza upesi na kupumzika kabla hakijakausha hewa, watu wanabaki kunata, na rimoti inateremshwa hadi 18. Sola ije mwisho, ipimwe kwa mzigo uliobaki.

Fundi asichomeke LED akaiacha choki, maana itaendelea kula umeme na kupata moto. Aitoe pamoja na staata na kapasita, aunge laini na nyutro kwenye ncha zilizoonyeshwa kwenye mrija, kisha abandike onyo ili mrija wa zamani usirudishwe.

Ugumu wenyewe uko kwenye vitabu vya fedha. Bili hulipwa kutoka fungu la matumizi ya kawaida, ilhali vifaa hununuliwa kutoka fungu la maendeleo. Mkiokoa, fungu la umeme linakatwa mwaka ujao na ofisi haioni kitu. Ombeni mapema, kwa maandishi, sehemu ya akiba igharamie viyoyozi. Ripoti ya ukaguzi wa nishati ndiyo itakayowapa nguvu, na kanuni za Kenya za 2012 ziliulazimisha kila miaka mitatu kwa jengo linalopita yuniti 180,000 kwa mwaka. Mkaguzi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayodhibiti nishati na petroli. Kwenye zabuni ya viyoyozi, pimeni bei pamoja na umeme wa miaka kumi, la sivyo cha rahisi kitashinda daima.

Kabla ya kugusa taa hata moja, fungeni mita ndogo kwenye saketi zake kwa wiki mbili. Bila kipimo hicho, mhasibu atasema bili imeshuka kwa sababu ya mvua.