Ukitaka kuja kuendesha kwenye barafu, kubali kwanza kuachwa

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia akiwa Tunduma, siku ya sita kwenye foleni ya mpakani. Ameona video za malori yakipita juu ya ziwa lililoganda. Akauliza: "Kaka, nifanyeje na mimi nifike huko? Hapa ujana wangu unaishia kulala chini ya trela." Niliusoma ujumbe ule mara tatu. Chini ya trela nimelala mimi pia, miaka saba, Dar hadi Lubumbashi, na najua nilivyokuwa nikiyatazama magari ya wenzangu yakivuka geti. Namjibu yeye, na ninyi wengine mnaoniuliza swali hilohilo kila msimu ukikaribia.

Barabara yenyewe inaanzia ziwa Tibbitt, kilomita kama 70 mashariki ya Yellowknife, kaskazini mwa Kanada. Inajengwa upya kila mwaka tangu 1982, na kila mwaka jua la Aprili linaifuta. Zaidi ya asilimia 80 yake ni maziwa, na kati ya ziwa na ziwa kuna kipande cha nchi kavu tunachokiita potiji. Inafunguliwa mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, na Machi ikiisha nayo imekwisha. Katika wiki hizo nane hivi, migodi ya almasi ya Ekati, Diavik na Gahcho Kué inapelekewa dizeli, saruji, baruti na matairi ya mwaka mzima, kwa sababu barabara nyingine haipo. Mwaka 2006 joto liliwahi, barafu ikakataa kunenepa, barabara ikafungwa mapema na mizigo iliyobaki ikabidi ipande ndege. Mwaka uliofuata yalipita karibu malori 11,000 yenye mzigo. Hiyo ndiyo hali yake: mwaka huu shibe, mwaka ujao hujui.

Habari ya leseni nitaipitia haraka, maana haina utamu. Leseni yangu ya daraja E niliyokuja nayo kutoka Tanzania haikunisaidia kitu Alberta, jimbo la Kanada ninakoishi. Nilianza upya na gari dogo, na mwaka 2019 nikasomea daraja la 1, leseni ya huku ya kuvuta trela, saa 113 za mafunzo ya lazima, darasani na barabarani. Nililipa mwenyewe, kwa hela ya kufanya usafi maofisini usiku. Baadaye nikavuta trela miaka miwili kwenye barabara za kawaida kabla ya kuthubutu kuomba kazi ya kaskazini. Asikudanganye mtu kwamba utashuka uwanja wa ndege leo na kesho ukabidhiwe lori la kupita juu ya ziwa.

Sasa niseme lililonipata msimu wa kwanza, maana sijawahi kulisema hadharani.

Lori lenye mzigo haliruhusiwi kuzidi kilomita 25 kwa saa juu ya barafu. Mimi niliyeshuka mlima Kitonga na kontena mgongoni nikasema, ishirini na tano hii itanishindaje? Sababu yake walitueleza. Barafu inabonyea chini ya uzito, maji yaliyo chini yake yanasukumwa, na linatokea wimbi linalotangulia mbele yako. Ukikimbia, wimbi linakuwa kubwa, linagonga ukingo wa ziwa na kurudi, na linaweza kuipasua barafu mbele yako au mbele ya mwenzako. Ndiyo maana tukikaribia ukingo tunashuka hadi 10. Nilielewa vizuri kabisa, na mtihani nilifaulu.

Tunaondoka kwa makundi, magari matatu au manne, kila kundi dakika 20 baada ya lingine. Safari yangu ya tatu nilikuwa wa mwisho kwenye kundi, nina tanki la dizeli, tunakwenda Diavik. Katikati ya ziwa Gordon upepo ukanyanyua theluji, na taa nyekundu za mwenzangu wa mbele zikapotea. Usiku, digrii 38 chini ya sifuri, nyeupe mbele, nyeupe pembeni, na chini barafu inalia kama mbao inayopasuliwa. Madereva wakongwe wanasema barafu inayolia ni nzima, iogope inayonyamaza. Najua. Lakini moyo haukusikia habari za wakongwe. Kwetu ukiachwa na wenzako usiku, hasa ukishavuka mpaka wa Kongo, umekwisha. Miaka saba mguu wangu ulifundishwa jambo moja: usiziache taa za mwenzako. Ukakanyaga wenyewe.

Walinzi wa barabara wana kifaa cha kupima mwendo. Kilisoma 34.

Kambini Lockhart waliniita, nikakana. Nikaonyeshwa namba. Nikasimamishwa siku tano, na hilo nalikubali, nilistahili. Ambalo sikulikubali ni la mwajiri wangu wa wakati ule. Alimpa mtu mwingine lori langu siku ileile, na msimamizi akasema mbele ya wenzangu kumi kwamba watu wa nchi za joto hawajui kuendesha kwenye baridi. Nikarudi nyumbani Edmonton, Alberta, kwa basi. Hela ya safari mbili nilizokwisha kufikisha salama sijalipwa mpaka leo. Mke wangu hakuuliza kitu, alinipikia ugali na kunitazama nikila. Naandika haya na koo linakaza.

Mwaka uliofuata nikaomba kwa watu wengine. Nimemaliza misimu mitatu bila kosa hata moja, na msimu uliopita nilipewa dereva mgeni nimfundishe. Huyu wa nchi ya joto! Nina haki ya kulisema kwa furaha.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Tunduma, sikiliza. Mwendo. Ukiniuliza la pili nitakujibu mwendo. Mwenzako akikuacha, mwache aende. Barafu haitaki msogeleane, malori mawili yakikaribiana uzito unajumlishana sehemu moja na mawimbi yanakutana. Kile kiwanja kitupu kati yako na yeye ndicho kinachowafikisha wote wawili. Ongea kwenye redio ukisikia upweke, sema uko potiji namba ngapi, watakujibu. Zaidi ya kilomita 350 kwa mwendo ule ni siku nzima ya kukaa na nafsi yako, na wako madereva hodari wanaoshindwa hapo, wala si kwenye usukani. Kama huwezi kukaa saa moja bila kushika simu, anza kujizoeza leo hapo kwenye foleni.

Usizime injini. Asubuhi, kabla ya kuondoka, zunguka trela na nyundo. Unyevu kidogo tu ukiingia, breki zinagandia kwenye dramu. Ukiondoka hivyo tairi halizunguki, linaburuzwa. Unalala chali kwenye theluji, unagonga dramu, kope zinashikana kwa mvuke wa pumzi yako, unagonga tena mpaka usikie mlio umebadilika. Glavu usivue hata kama nati ni ndogo. Chuma cha baridi ile kinang'oa ngozi.

Na usije ukauza shamba kwa ajili ya hii kazi. Ni miezi miwili, miezi kumi iliyobaki navuta mizigo ya kawaida Alberta kama mtu yeyote. Migodi nayo ina mwisho wake. Snap Lake ulisimama Desemba 2015, na wenye Diavik walikwisha tangaza kwamba uchimbaji wao unafikia kikomo mwaka 2026. Soma daraja la 1 kwa ajili ya maisha yote, barafu iwe nyongeza. Hili nalirudia kwa sababu nawafahamu wawili waliokuja na ndoto ya barafu peke yake, na sasa hawapokei simu za nyumbani.

Januari nitapanda tena Yellowknife. Wewe maliza foleni yako, fikisha huo mzigo, kisha niandikie una miaka mingapi na leseni yako ni ya lini. Siku ukifika huku, nyundo ya pili ninayo.