Uraia wa Marekani ukiwa na kosa dogo la zamani: usijaze "Hapana"

Dada, umeeleza kwamba uliingia Marekani na grini kadi mwaka 2019. Mwaka 2022 ulikamatwa dukani na vipodozi ambavyo havikulipiwa, ukakiri kosa, ukalipa faini na kumaliza kozi, kisha jaji akaifuta kesi. Wakili aliyekutetea amekwambia huna rekodi, na sasa unauliza kama kwenye fomu N-400, ya kuomba uraia, ujaze "Hapana" palipo na swali la kukamatwa. Usijaze "Hapana".

Swali linahusu maisha yako yote na mahali popote duniani: kukamatwa, kuzuiliwa, kuandikiwa tiketi, kushtakiwa. Fomu yenyewe inasema ujibu "Ndiyo" hata kama rekodi imefungwa au imefutwa, na hata kama jaji au wakili alikwambia huna rekodi tena. Alama zako za vidole zinapelekwa FBI, wapelelezi wa serikali ya shirikisho, kwa hiyo ofisa atakuwa na taarifa ya kukamatwa kwako kabla hujaketi mbele yake. Wizi mmoja mdogo una njia ya kupita. Kusema uongo chini ya kiapo ili upate uraia ni kizuizi chenyewe cha tabia njema, ambayo ni sharti la kupata uraia, na kinaanzisha upya hesabu ya miaka 5 ya kuithibitisha.

Wakili wako hakukudanganya kwa sheria ya jimbo. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho na ina hesabu yake: ukikiri kosa, na mahakama ikakupa adhabu au sharti lolote, hiyo ni hatia, hata jaji akiifuta baadaye. Ingekuwa ulipelekwa kwenye kozi bila kukiri popote, kwa kawaida isingehesabiwa hatia, ingawa bado ungelazimika kuitaja.

Wizi unaingia katika kundi la makosa yanayogusa uadilifu. Kwa kosa moja tu la kundi hilo kuna msamaha wa kosa dogo, wenye masharti mawili: kifungo cha juu ambacho sheria inaruhusu kisizidi mwaka 1, na kifungo ulichopewa kisizidi miezi 6. Kifungo kilichoahirishwa kinahesabiwa chote. Ukipewa miezi 8 na usilale jela hata usiku mmoja, kwa Uhamiaji umepewa miezi 8.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Msamaha huo unakusaidia kwenye tabia njema, lakini kufukuzwa nchini kuna kifungu chake tofauti. Kosa la kundi hili likitendwa ndani ya miaka 5 tangu uingie, na sheria ikaruhusu kifungo cha mwaka 1 au zaidi, unaweza kuitwa mbele ya jaji wa uhamiaji, hata kama ulitozwa faini tu. Wewe uliingia 2019 na kosa ni la 2022, kwa hiyo umo ndani ya miaka 5. Siku moja ya tofauti inabeba kila kitu: kosa lenye kikomo cha siku 365 linapita kwenye msamaha lakini linakuweka katika hatari ya kufukuzwa, wakati lenye kikomo cha siku 364 haliwezi kutumika kwa kifungu hicho. California, New York na Washington zilishusha kikomo cha makosa madogo hadi siku 364 kwa sababu hiyo hasa. Tafuta namba ya kifungu ulichokiri, ujue kikomo chake, na umwone wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma chochote. Mpaka ujue jibu, usipande ndege, hata kwa msiba. Maswali mengine huanzia uwanja wa ndege wakati wa kurudi.

Kama gharama inabana, yapo mashirika yasiyo ya faida yenye wawakilishi waliosajiliwa na Wizara ya Sheria. Mjaza fomu asiye na leseni usimpe kesi yenye mahakama ndani yake, hata kama mnasali pamoja.

Hati unazohitaji: nakala ya hukumu ya mwisho yenye muhuri wa mahakama (siyo picha ya simu), ripoti ya polisi ya kukamatwa, stakabadhi ya faini na cheti cha kumaliza kozi. Mahakama ikiwa imeharibu jalada, karani akuandikie barua rasmi kwamba halipo. Taarifa yako ya FBI unaweza kuiomba mwenyewe kwa dola 18, ulinganishe tarehe kabla ya kujaza fomu.

Tarehe ya kutuma ichague kwa makini. Ukiwa bado kwenye kifungo cha nje, ombi haliwezi kupitishwa. Dirisha la tabia njema ni miaka 5 kabla ya kutuma (3 kwa wanaoomba kupitia ndoa na raia) hadi siku ya kiapo, na ofisa anaruhusiwa kutazama nyuma zaidi. Mwongozo wa Uhamiaji wa Agosti 2025 unawataka maofisa wapime maisha yote ya mwombaji, kwa hiyo ambatisha ushahidi wa mema: taarifa za kodi kutoka IRS (mamlaka ya kodi), matunzo ya watoto, kazi, barua ya msikiti au kanisa. Ikiwa wakili anaona hatari ndogo lakini ipo, mimi ningesubiri dirisha lipite. Ada ni dola 760 kwa karatasi au 710 mtandaoni, na ombi likikataliwa hairudishwi.

Kwa waliopitia Nyarugusu au Kakuma: kukamatwa na polisi kwa kutoka kambini bila kibali ni kukamatwa. Kitaje, eleza kilichotokea, na hakikisha maelezo hayapingani na uliyosema kwenye usaili wa ukimbizi. Jalada hilo bado lipo. Hati za Kifaransa au Kiswahili ziende na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa saini kwamba anazimudu lugha zote mbili.

Tiketi ya mwendo kasi yenye faini chini ya dola 500, bila kukamatwa, pombe wala dawa, haihitaji kuambatishiwa hati. Hatia mbili za kuendesha ukiwa umelewa ndani ya dirisha zinakufanya uhesabiwe huna tabia njema mpaka uthibitishe vinginevyo. Bangi ni kosa la shirikisho hata jimbo lako likiiruhusu, na kufanya kazi kwenye duka la bangi nako kunaweza kukuangusha.

Ukipita usaili, kuna fomu N-445 siku ya kiapo inayouliza kama umekamatwa au kuandikiwa tiketi tangu usaili. Ijibu kwa ukweli uleule. Ukikataliwa, una siku 30 za kuomba kusikilizwa upya kwa fomu N-336. Lakini kama sababu pekee ni kwamba kosa bado limo ndani ya dirisha, mara nyingi ni nafuu kusubiri na kuomba upya.